Miaka Kumi na Mitatu Niliyojipunguzia

Leo nimeaibika mpaka masikio yakawaka moto. Nawaandikia barua moja, ndugu zangu nyote mlioko Nairobi, msomeane, maana kuisimulia mara ya pili siwezi. Hasira ninayo mpaka sasa.

Mnajua mimi huoka mikate kwa Haji, hapa Kakamega mjini. Tuko wafanyakazi tisa tu. Haji aliponiajiri, miaka kumi na miwili iliyopita, aliniingiza kwenye mpango wa akiba ya uzeeni katika kampuni moja ya bima. Kila mwezi tunakatwa kidogo kwenye mshahara, naye anaongeza kiasi kile kile kutoka mfukoni mwake. Pesa hizo hazigusiki mpaka utimize miaka hamsini na mitano. Ukiacha kazi kabla ya hapo unapewa zako tu. Za Haji hupati.

Mwaka huu nimetimiza hamsini na mitano. Kifua kimechoshwa na moshi wa tanuri, macho yananitoka machozi hata Jumapili. Nilishamwambia mke wangu kwamba Desemba naacha kazi, tunanunua ng'ombe wa gredi. Zizi nimejenga. (Majirani wameanza kuuliza bei ya maziwa.)

Leo asubuhi akaja binti wa bima kutueleza akiba zetu. Tukaketi juu ya magunia ya unga. Alipotaja jina langu nikasimama kabla hajamaliza.

"Mimi nataka fomu ya kustaafu."

Akatazama faili, akanitazama mimi, akarudi kwa faili. "Bado, mzee. Hapa uko na miaka arobaini na mbili."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia wao ni wezi, wanataka kula jasho letu. Nikapiga meza ya kukandia unga mpaka vumbi likapanda. Haji akasema, "Pole pole, mzee wangu." Nikamwambia naye asininyamazishe. (Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza.)

Binti akanigeuzia fomu. Mwandiko wangu. Sahihi yangu. Nakala ya kitambulisho changu.

Ndipo nikakumbuka. Wakati ule Haji alitaka watu wasiozidi miaka thelathini na mitano. Mimi nilikuwa na arobaini na mitatu na sina kazi. Nikanyoa ndevu, nikaripoti kitambulisho kimepotea, nikampa karani kitu kidogo, nikapata kingine kinachosema thelathini. Nilijiona mjanja sana. (Mjinga mkubwa mimi.)

Mwenye akili angeketi. Mimi nikaita shahidi. Lusweti, anayepakia mikate kwenye gari, ni rika langu. Tulitahiriwa asubuhi moja kule Matete, mto mmoja, ngariba mmoja. Kwetu mtu anaweza kusahau mwaka aliozaliwa, lakini rika lake halisahau.

"Lusweti, hebu waambie tulitahiriwa mwaka gani."

Lusweti akatazama viatu vyake. Nywele zake nyeusi tititi, amezipaka rangi juzi. Nikaelewa kwamba naye ana miaka yake ya kuficha, lakini nilikuwa nimeshachelewa.

"Huyu mzee mimi namuonanga tu hapa kazini," akasema. "Wakati alitahiriwa, mimi nilikuwanga hata sijazaliwa."

Hajazaliwa! Na siku ile alilia kuliko mimi, kijiji kizima kilisikia.

Binti hakuwa amemaliza. "Hapa kwa warithi uliandika binti yako wa kwanza. Siku hiyo alikuwa na miaka ishirini. Na wewe thelathini." Akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Mzee, ulimzaa ukiwa na miaka kumi?"

Wote walicheka. Haji alivua kofia akajipangusa nayo machozi. Aliyecheka zaidi ni Lusweti, na ninaapa sitamsemesha huyo mtu mpaka mmoja wetu azikwe.

Nikauliza kwa sauti ndogo, je, nikisema ukweli? Binti akajibu kwamba kampuni inafuata kitambulisho. Kama nataka kurekebisha, niende mahakamani nikaape kwamba niliidanganya serikali. Nikaketi.

Haji alipopata pumzi akasema, "Wallahi, mimi nilikuwa nakuhurumia. Nilikataza wasikubebeshe magunia kwa sababu ya umri. Kumbe uko kijana! Kesho lori ya unga ikija, utasaidiana na Lusweti."

Na hakuwa anatania. Jina langu ameliandika ubaoni.

Basi nawaomba msinicheke, na mkija Krismasi mfunge midomo mbele ya mke wangu. Bado natafuta namna ya kumwambia kwamba nitastaafu nikiwa na miaka sitini na minane.