Unene wa Kangambili

Jumatatu, 3 Julai 1905. Ifakara.
Mdachi wa kilimo kapita shamba la pamba la Lumemo. Kaona kangambili, wadudu wekundu wanaofyonza mbegu na kutia pamba madoa. Kasema pamba ikiharibika, kila mlimaji atakula hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano za kiboko. Mimi, Makame, ni karani wa akida. Nina hamu ya kuhamishiwa bomani Mahenge. Nafasi ndiyo hii.

Jumanne, 4 Julai.
Theodosia, Mpogoro anayelima pale, kaniambia wadudu wale ni wa namna mbili, rangi moja. Mmoja anafyonza pamba, wa pili anamla huyo wa kwanza, asiuawe. Nikamwuliza anawatofautishaje. Akasema, "Tazama shingo, bwana karani."
Shingo ya mdudu! Nimechonga kijiti cha mwanzi, nikakitia alama, nikapima wadudu arobaini. Wapo wanene, wapo wembamba wenye miili mirefu. Mla nyama lazima anenepe. Kwa hiyo wembamba ndio waharibifu. Siwezi kukaa kitini.

Alhamisi, 6 Julai.
Nimeamuru wembamba wauawe, wanene waachwe. Theodosia kagoma. Nimemwandika mkaidi. Nimekwenda shambani mara tano kuhakikisha.

Jumatano, 19 Julai.
Wanene wamezaa. Shamba zima jekundu. Pamba imekuwa manjano kama meno ya mvuta tumbaku. Mdachi anakuja kesho. Walimaji hawaitikii salamu yangu.

Alhamisi, 20 Julai.
Walimaji walipangwa mstari, Theodosia mbele. Nilitaka kusema. Nikarudi nyuma hatua moja. Yeye akaomba ruhusa, akafungua kibuyu chake mbele ya Mdachi. Ndani, mwembamba mwenye shingo kamchoma mnene kwa mdomo, anamnyonya. Mdachi akatazama kwa kioo cha kukuzia. Kisha akauliza nani aliamuru hawa wauawe. Macho yote kwangu. Walimaji wakaachiwa. Mimi nikala kumi za kiboko. Naandika nimesimama.

Jumamosi, 22 Julai.
Theodosia kaniletea majani ya kukanda. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 8 Agosti.
Akida hatulii. Habari zimeenea kwamba watu wanakunywa maji ya dawa ili risasi isiwadhuru. Hajui nani kanywa, nani hajanywa. Wote wanafanana. Nimezunguka chumbani asubuhi nzima, nikapata jibu. Aliyekunywa maji lazima kiuno kipanuke. Kesho nasimama njiani na kamba, napima kila apitaye. Akida kaniuliza kama nina hakika. Nimemjibu kwamba kazi hii nina uzoefu nayo.