Wageni Elfu Sita wa Bustani Yangu

Jumatatu, 3 Juni

Barua kutoka kwa mama mkurugenzi wa manispaa. Ina mihuri miwili. Mmoja ungetosha kunitisha.

Anasema manispaa ina bustani moja na uwanja wa michezo mmoja, na haina uwezo wa kutunza vyote. Kwa siku saba za kazi tutahesabu wageni. Penye wageni wachache patatafutiwa matumizi mengine.

Uwanja uko chini ya afisa michezo, Bwana Filimbi. Anaitwa hivyo kwa sababu filimbi haimtoki shingoni, hata akialikwa harusini. Bustani iko chini yangu mimi, Afisa wa Bustani, Burudani na Elimu ya Jamii. Cheo kirefu, ofisi fupi. Nikisimama nagonga bati.

Ndani ya bustani mna ukumbi mdogo wa darasa la kisomo. Wanafunzi kumi na mmoja, watu wazima wote. Mmoja wao ni mama mkwe wangu, miaka sitini na minane. Alijiunga kwa sababu amechoka kusomewa ujumbe wa simu na wajukuu, ambao huruka sehemu zinazowahusu. Bustani ikifungwa, darasa linakufa. Mke wangu amenikumbusha jambo hilo mara tatu wakati wa chakula. Mara ya tatu alikuwa ameshika mwiko.

Nimemkabidhi mtunza bustani kidude cha kuhesabia, kile cha kubonyeza kwa dole gumba. Tunamwita Mzee Mpira, maana mpira wa maji hauachi. Leo wageni thelathini na wanane. Kumi na mmoja wa darasa, sita wamelala. Nimeuliza aliyelala anahesabiwaje. Amesema sawa na mwenzake.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza! Mazoezi ya Viungo kwa Wote, bure, saa moja asubuhi. Nilibandika matangazo ishirini mjini.

Amekuja mama mkwe peke yake, na mkoba wake wa madaftari. Kwa huruma tu. Nikaonyesha zoezi la kwanza. Nikainama vizuri kabisa. Mgongo ukagoma kurudi. Akanikokota mpaka kwenye benchi akinipa pole na kusema, "Umri huo, baba." Ananizidi miaka ishirini na tano!

Wageni thelathini na sita. Wawili kati ya wale wanaolala wamehamia uwanjani. Walisema spika yangu ya mazoezi inawanyima usingizi.

Jumatano, 5 Juni

Mhadhara wa elimu ya jamii: Namna Bora ya Kupumzika. Nimeutoa mwenyewe, kwa muda wa saa mbili kasoro dakika tano. Wamehudhuria watatu. Wawili walikuwa wanasubiri mvua ikatike, na ilipokatika wakaondoka katikati ya sentensi. Wa tatu alinitazama kwa makini sana, nikafurahi. Kumbe ni fundi, amekuja kupima kioo cha dirisha nyuma yangu.

Bwana Filimbi amepita kunisalimia. Ameniuliza kama ningependa aniazime watu kidogo, maana yeye jana alipata hamsini na wawili. Amenikata maini. Nimecheka, lakini kwa meno tu.

Thelathini na mmoja.

Alhamisi, 6 Juni

Nina akili! Nimesahau tu kuzitumia siku zote hizi.

Nilikuwa nakunywa chai nje ya ofisi nikitazama uzio. Stendi ya mabasi iko upande mmoja wa bustani, soko upande wa pili. Asubuhi nzima watu wenye mizigo wanazunguka uzio wote huku wakihema. Na geti la nyuma limefungwa miaka tisa! Hakuna anayekumbuka kwa nini. Ufunguo haupo. Nimepigana na lile kufuli kwa grisi na nyundo saa nzima na robo. Limesalimu amri.

Mpaka jioni, wageni mia sita na arobaini. Nilimwambia Mzee Mpira kidude kimeharibika. Alinionyesha dole gumba lake. Lilikuwa limevimba.

Ijumaa, 7 Juni

Elfu moja mia moja na watano. Nimetembea mjini kifua mbele.

Mzee Mpira hana raha. Anasema nyasi zimekufa, maua yamepondwa, na kwamba, "Mkuu, hawa hawaji bustanini. Wanapita tu." Nimemweleza kwa upole kuwa kidude hakina kitufe cha wanaopita. Amenipa kisogo, akaenda kumwagilia udongo mtupu.

Njia ilikuwa inabana. Nimeng'oa vitalu viwili vya maua ili ipanuke. Kisha nikagundua kuwa watu kama mia mbili bado wanatumia kichochoro cha nje ya uzio. Hasara tupu. Nimekiwekea kibao: NJIA IMEFUNGWA, MATENGENEZO. Matengenezo yenyewe sijayaamua.

Jumatatu, 10 Juni

Mikokoteni imeanza kupita. Elfu mbili na arobaini na nane! Imepita pia pikipiki yenye dereva, abiria wawili na godoro. Nimeagiza wahesabiwe watatu. Mzee Mpira ameuliza godoro nalo liende wapi. Nimemwambia tusizidishe, sisi ni watumishi wa umma.

Mwalimu wa kisomo amekuja kulalamika. Ni mstaafu, mama mkali, ananiita kijana. Anasema hawezi tena kufundisha. Kila akitamka neno ili waandike, mwenye mkokoteni hapo nje anapaza sauti, "Pisha!", na darasa zima linaandika pisha. Nimemwomba avumilie siku moja tu. Nimemweleza kuwa nafanya yote haya kwa ajili ya darasa. Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyeleta daftari lililoloa.

Mama mkwe hana kinyongo. Anasema pisha ndilo neno analoandika vizuri kuliko yote.

Jumanne, 11 Juni

Siku ya mwisho. Elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Jumla ya siku saba: elfu sita mia mbili na kumi na nne.

Nimeandika ripoti. Kurasa tisa. Nimechora na ramani, kwa rangi, yenye mishale mikubwa kutoka stendi hadi sokoni. Sentensi ninayoipenda zaidi: "Bustani yetu sasa ndiyo kiungo kikuu cha usafiri mjini." Nimemsomea mke wangu. Ameniuliza kwa nini usafiri. Hajui uandishi wa ripoti.

Jumatano, 12 Juni

Kikao. Nilivaa suti ya harusi yangu. Suruali imebana, lakini heshima ilikuwepo.

Bwana Filimbi alisimama wa kwanza: mia tatu themanini na tisa, siku zote saba. Kisha mimi. Nilipotaja elfu sita, mama mkurugenzi alivua miwani. Makofi! Mhandisi wa barabara, ambaye hajawahi kunisalimia, alivuta kiti karibu yangu akaomba kuiona ramani. Akasema ni kazi safi sana. Akauliza njia ina upana gani. Ina mita tatu. Nikatia chumvi, nikasema sita. Akauliza kama gari linaweza kupita. Nikasema hata malori mawili yanapishana. Akawa anaandika kila neno. Sijawahi kusikilizwa hivyo maishani mwangu. Nikamwachia ramani kabisa.

Bwana Filimbi alikuwa ananitazama kwa namna ya huruma. Kijicho hicho.

Jumatatu, 17 Juni

Nimefika kazini nikakuta darasa zima limesimama getini. Kulikuwa na tangazo la manispaa limebandikwa. Mwalimu alikuwa amekataza mtu yeyote kusaidia. Ilikuwa zamu ya mama mkwe.

Aliweka kidole kwenye karatasi, akaanza. Bu-sta-ni. Hi-i. I-ta-fu-ngwa. Alikuwa anatokwa jasho. Lilipofika neno kupisha hakusita hata kidogo, alilitamka kwa sauti ya mwenye mkokoteni. Kupisha ujenzi wa barabara. Akamaliza mpaka jina la mhandisi.

Darasa likapiga makofi. Ndilo tangazo la kwanza maishani mwake kulisoma peke yake, mwanzo hadi mwisho. Alicheka, akamkumbatia mwalimu. Halafu makofi yakapungua, yakakatika. Akalirudia, safari hii kimyakimya, midomo tu ikicheza. Akanigeukia, akaniuliza, "Sasa sisi twende wapi, baba?"

Nimeona aibu. Aibu ya kweli, karibu dakika kumi.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda kwa mama mkurugenzi. Alikuwa mpole. Anasema mahali panapopita watu elfu mbili kwa siku ni barabara tayari, kilichobaki ni lami. Mhandisi anashukuru sana kwa ramani, imemwokolea miezi sita ya upimaji. Kuhusu uwanja, wametafuta matumizi mengine wakakosa, maana hakuna anayepita kule. Utabaki.

Darasa limehamia chumba cha kubadilishia nguo cha uwanjani. Wanasoma katikati ya harufu ya soksi. Bwana Filimbi anawahesabu kila siku, kumi na mmoja, kwa filimbi. Mama mkwe ananisalimu kwa kichwa tu. Nyumbani mwiko umerudi mezani.

Nimetafakari sana chanzo cha balaa hili. Ni kidude. Kingekuwa na kitufe cha pili, haya yasingetokea.

Ijumaa, 21 Juni

Uhamisho! Mimi sasa ni Afisa wa Makaburi ya Manispaa. Kumbe nayo yako chini ya idara ileile. Mama mkurugenzi amesema ni mahali ambapo siwezi kuharibu kitu. Nimelichukulia kama ishara kwamba ananiamini.

Mlinzi wa zamu amenikabidhi funguo na kunitembeza. Mahali pazuri, miti, kimya, nafasi tele. Lakini pamelala mno! Nimemwuliza kwa wiki wanaletwa wangapi. Akasema wanne, wiki nyingine watatu. Nimemwambia waziwazi kuwa idadi hiyo ni aibu, uongozi uliopita ulizembea, na kwamba mwezi huu lazima tuifikishe ishirini. Ameniomba nirudie. Nimerudia. Tangu hapo anatembea mbali na mimi.