Ombi la Kuongezewa Klori ya Upole

Buyenzi, Bujumbura
Juni 2000

Kwa Mheshimiwa Mkubwa wa Kazi ya Klori, Rohero

Mheshimiwa,

Assalam aleikum, na kama hiyo si salamu yako, basi habari za kazi. Mimi ni Sleiman, mwenye duka la kufuli, misumari na mabati hapa Buyenzi. Naandika kuhusu klori ambayo watu wako wanaitia kwenye bido zetu, haya madumu ya maji, pale kwenye bomba la mtaa, tangu kolera ilipoingia. Silalamiki kwamba mnaitia. Nalalamika kwamba mnaitia kidogo, na mnawapa wasioihitaji.

Kinyozi wetu Chabani amewatangazia wateja wake kwamba klori si ya kolera, ni dawa ya upole. Anasema wakubwa wa nje wamechoka kungoja tuelewane kwenye mazungumzo kule Arusha, wakaamua kututilia ulegevu kwenye maji, ili siku karatasi ya amani ikiletwa kila mtu aseme ndiyo na kwenda kulala. Alimweleza hayo dada yangu Sumaya aliyekuja kuniita, akiwa hata hajamaliza kuninyoa upande wa pili.

Mimi sikuliamini neno hilo wala sikulikataa. Nilisoma sayansi kwa mapadri mpaka darasa la nane, na mtu aliyesoma hahukumu kabla ya kupima. Nikapima.

Kwanza, harufu. Kila dawa kali niliyowahi kupewa ilinuka. Klori inanuka. Hapo Chabani alipata alama.

Pili, niliwatazama waliokunywa. Chefu wa mtaa, mkubwa wetu wa serikali, ambaye kwa kawaida hupita mbele ya duka langu kama anapita mbele ya ukuta, alinipa mkono na kuniuliza hali ya nyumbani. Ni kweli kwamba baadaye alitaka kufuli. Lakini alianza na salamu.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu wangu, niliwatazama wasiokunywa. Askari wa bariyeri, pale kwenye kizuizi cha barabarani, hanywi maji ya bomba. Anakunywa bia, na upole hana. Wale wanaoturushia mabomu kutoka mlimani wanakunywa vijito vya huko juu, ambako sijasikia kwamba mtu wako hata mmoja amepanda na chupa yake ya klori. Waheshimiwa wa Arusha wanakunywa maji ya chupa, tena wanakagua kifuniko. Anabaki nani? Anabaki mama mwenye bido ya njano aliyepanga foleni tangu alfajiri, ambaye maisha yake yote hajampiga mtu risasi. Huyo ndiye mnayemtuliza. Kisayansi, ni sawa na kumpa kwinini asiye na homa na kumpita mgonjwa.

Nne ni jambo la nyumbani kwangu, nami nalileta kama ushahidi.

Mke wangu Nura na dada yangu Sumaya wanakaa ua mmoja, na tangu mwaka jana walikuwa hawasemeshani. Mama yake Nura alifariki Rumonge katika wiki ambayo mabasi yalikuwa yakishambuliwa njiani. Nura alikwenda hivyo hivyo. Sumaya aliogopa, akabaki. Nura aliporudi, alisema mbele ya wanawake wote waliokuja kwenye hitima kwamba yeye hana wifi. Sumaya naye akasema hatafungua mdomo mpaka aombwe radhi. Nililazimika kusimamisha mabati katikati ya ua, mabati mazuri ambayo ningeweza kuyauza, na kila mmoja akawa anapika upande wake.

Kwa hiyo Sumaya aliposikia habari ya dawa ya upole, aliacha maji ya bomba kabisa. Alisema, "Mi sitaki wanilegeze mbele ya kuombwa radhi." Akawa anachota mtoni, Ntahangwa, maji ambayo mimi singeoshea hata baiskeli. Nilipomkataza, alinijibu kwamba mimi ni mutu niliyekwisha kulegezwa zamani.

Kazi yako unaijua, kwa hiyo kilichofuata hakitakushangaza. Asubuhi moja nikiwa dukani, Sumaya alianguka karibu na choo, macho yameingia ndani, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa. Teksi mbili zilimkataa. Nura aliyasukuma mabati yakaanguka, akamfunga wifi yake mgongoni kwa kitenge kama anavyofungwa mtoto, akatembea naye mpaka kwenye mahema ya wagonjwa. Huko walimtundikia serumu ya mshipani, kisha wakamnywesha yale maji yenu yenye klori, vikombe kwa vikombe. Mimi niliitwa, nikakaa nje ya kamba iliyozuia watu. Nimewahi kulala chini ya kitanda mabomu yakianguka, lakini siku ile niliogopa zaidi.

Alipona, alhamdulillahi. Na amerudi mpole. Anapika na Nura chungu kimoja, juzi alikuwa anasukwa naye barazani, na wanacheka, mara nyingi wakinicheka mimi. Mheshimiwa, ushahidi gani unatakiwa zaidi? Alipoikataa klori alikuwa mkali. Alipojazwa klori akawa mpole.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, klori itiwe kwenye bia. Itiwe kwenye vijito vya mlimani. Itiwe kwenye chupa za Arusha, na vifuniko virudishwe vizuri, wasishtuke. Kipimo kiwe kile cha Sumaya, si kile cha bomba la mtaa. Wenye bunduki watangulie. Sisi wenye bido tutangoja, tumezoea.

Wasalimie wote wa ofisini kwako, hasa binti Pascaline anayetia dawa hapa kwetu na kuvumilia maneno ya watu. Salamu pia kwa jamaa zako nyumbani. Nura na Sumaya wanakusalimu kwa sauti moja, jambo ambalo mwaka jana lisingewezekana.

Ni mimi, mwananchi mtulivu kwa asili,
Sleiman

Nyongeza: Nilimpa Nura aisome barua hii kabla sijaileta. Amesema sayansi yangu imekosea mpangilio wa mambo. Walipatana njiani, kabla Sumaya hajaonja hata tone la maji yenu. Nura alikuwa amechoka, akataka kumtua kidogo apumzike. Sumaya akamshika shingo, akasema, "Wifi, usiniache. Nisamehe juu ya mama." Nura akamwambia, "Na mi unisamehe," akaendelea kutembea. Nikamuuliza yeye mwenyewe alikuwa amekunywa nini asubuhi ile. Hakuwa amekunywa kitu. Alikuwa amefunga.

Basi ombi la bia, la vijito na la Arusha nalifuta. Tuletee klori ya kolera tu, na iwe ya kutosha, maana tangu jana Pascaline anakuja mikono mitupu, na foleni imefika msikitini.