Jeshi Hili Halirudi Nyuma

Kurugenzi ya Tarehe za Vyeo inayo heshima kubwa kuutangazia umma kwamba neno "nyuma" limeondolewa rasmi katika mawasiliano yote ya jeshi. Halitaandikwa, halitasemwa, wala halitadokezwa kwa ishara ya kidole gumba. Askari aliyezoea kuamriwa "nyuma geuka" sasa anaamriwa "geukia mbele ya upande wa pili", na anageuka vilevile, ila kwa kuchelewa kidogo kwa sababu amri imekuwa ndefu. Mimi mwenyewe ninalitaja neno hilo katika taarifa hii kwa kibali maalumu, ambacho kinaisha leo jioni.

Mimi ni Mkurugenzi Msaidizi wa Kurugenzi hii, kwa cheo kanali. Watu wasiojua hudhani jeshi ni bunduki. Jeshi ni tarehe. Mameja wawili wakikutana mlangoni, anayepita kwanza si mwenye mabega mapana, ni yule aliyeupata umeja kabla ya mwenzake. Wakiwa wameupata siku moja, mlango unafungwa mpaka sisi tutoe uamuzi. Upo mlango mmoja ghorofa ya pili ambao bado tunautafakari, na waliomo ndani wanapitishiwa chakula dirishani.

Napenda kueleza jinsi tulivyofika hapa, maana mitaani maneno ni mengi, na mengi yake ni ya kweli, jambo ambalo haliruhusiwi.

Yote yalianza na mwoka mikate. Bwana huyu ni meja wa jeshi la akiba. Kwa wasiofahamu, afisa wa akiba ni kama sahani za wageni: hatumtumii, lakini hatutaki mtu mwingine amtumie. Siku za kawaida anaoka mikate katika duka lake kule bondeni, karibu na mto. Siku ya shida anavaa sare na kujiunga na kikosi cha mashua cha akiba, ambacho kazi yake ni kuokoa watu mto unapofurika. Aliingia ofisini kwangu asubuhi moja, sare imenyooka, unga ukiwa bado kwenye nyusi.

"Jambo, afande."

"Jambo. Kaa hapo kwenye benchi, sema shida yako, Meja."

"Afande, mimi nilipitishwa na kikao cha vyeo mwezi wa pili. Lakini umeja wangu umeandikwa kuanzia mwezi wa tisa. Faili langu lilikaa hapa kwenu muda wote huo."

"Halikukaa," nikamsahihisha. "Lilikuwa kazini."

Na kweli lilikuwa kazini. Ofisi yetu ina meza ya chai ya mbao nzuri sana, na birika la moto huacha alama ya duara. Faili la Meja lilikuwa na unene uliofaa kabisa. Tulijaribu mengine, mengine yalikuwa membamba, birika likayumba. Dada wa masjala, ambaye ndiye mtunza mafaili wetu, aliliondoa pale chini ya birika tuliponunua kitambaa, na cheo cha Meja kikatoka siku hiyohiyo. Sijui ni ofisi gani nyingine inayofanya kazi kwa kasi hiyo.

Tatizo ni kwamba hapo katikati, mwezi wa tano, mpwa wa Jenerali, mkuu wa jeshi letu, alipata umeja wa akiba katika kikosi hichohicho. Huyu ni muuza makochi. Kwa kuwa mwezi wa tano umetangulia wa tisa, muuza makochi akawa mkubwa kwa mwoka mikate, na mashua zote zikawa chini yake.

"Afande, mvua zinakuja," Meja akasema. "Mto ukijaa, yule bwana hatazitoa mashua."

"Una uhakika gani?"

"Mafuriko yaliyopita alizifunga minyororo. Alisema ni mali ya serikali, zikiingia majini zitaloa."

Nililipima jambo hilo kwa haki. "Na zililoa?"

"Hazikuloa, afande. Watu ndio walioloa. Mama mkwe wangu alikaa juu ya paa siku mbili na kuku wake. Mpaka leo akimwona mtu mwenye sare anatema mate chini, na mimi nakaa naye nyumba moja."

Hapo nilimwonea huruma. Mimi pia nina mama mkwe.

"Afande, sitaki gari wala mlinzi," akaendelea. "Kuna watu kule chini wananisubiri mimi. Naomba tu tarehe yangu irudishwe nyuma, mwezi wa pili, ilikostahili."

Dada wa masjala aliacha kupuliza chai yake. Hata birika lilinyamaza. Kwenye ukuta, juu ya kichwa cha Meja, palikuwa na picha ya Jenerali, na chini yake maneno yake mwenyewe kwa wino mwekundu: JESHI HILI HALIRUDI NYUMA.

"Meja," nikamwambia polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "unatambua ulichokiomba?"

Jambo zito namna hiyo halikuwa la ngazi yangu. Nilipanda kwa Jenerali. Nilimkuta anachagua fremu ya picha yake mpya.

"Nani anataka kurudi nyuma?" akafoka.

"Meja wa akiba, mkuu. Si yeye mwenyewe. Ni tarehe yake."

"Leo tarehe, kesho kikosi kizima!" Akaniuliza kuna nani mwingine kwenye kikosi hicho, nikamtajia mpwa wake. Akatulia. Kisha akatabasamu, na Jenerali akitabasamu huwa najikagua vifungo. "Mwambie hivi. Kama anataka tarehe yake isogezwe, isogezwe mbele. Mbele tu! Na hilo neno lingine lifutwe jeshini kabisa. Niandikie waraka."

Nilielewa furaha yake. Tarehe ikisogezwa mbele, kwa jinsi wewe na mimi tunavyozungumza nyumbani, inakwenda mwakani. Mwoka mikate angekuwa meja ambaye bado hajawa meja, na mpwa angebaki na mashua zake kavu.

Kamati ya Waraka ilikutana wiki hiyo: mimi mwenyekiti, dada wa masjala katibu, na Meja kama mwombaji. Alikuja na kapu la mikate ya moto. Kurugenzi yetu haipokei hongo, kwa hiyo mikate iliingizwa kwenye kumbukumbu kama vielelezo.

"Mwenyekiti, nina swali dogo," Meja akasema. "Nimeambiwa tarehe yangu itakwenda mbele. Nauliza tu, mbele ni wapi?"

"Mbele ni mbele," nikasema.

"Siku za mbele ni siku zijazo," akasema dada wa masjala. "Hata mtoto anajua."

"Ni kweli, dada yangu. Lakini pale dukani kwangu, asubuhi, watu wakipanga foleni ya mkate, aliye mbele si ndiye aliyewahi? Na aliyechelewa si ndiye anayekaa ny—"

"Usiseme!" tukapiga kelele kwa pamoja.

"—anayekaa upande ule mwingine."

Kamati ikaingia katika fikra nzito. Kama mbele ni kesho, basi anayewahi foleni anasimama jana. Nilihisi kichwa kinauma, nikatangaza mapumziko ya chai. Harufu ya ile mikate ilikuwa imeshapanda ghorofa zote, na ofisi nzima ikateremka na vikombe. Foleni ikapinda mpaka kwenye ngazi. Ndipo Jenerali mwenyewe akatokea. Aliipita foleni yote kwa hatua za gwaride, akasimama kwenye birika, akachukua mkate mkubwa kuliko yote.

"Samahani, mkuu," akasema dada wa masjala kwa adabu sana, kalamu ikiwa mkononi. "Hawa wamewahi."

"Wamewahi wapi? Niko mbele au siko mbele?"

"Uko mbele, mkuu."

"Basi mimi ndiye niliyewahi! Aliye mbele ndiye wa mapema. Jeshini mbele haina maana nyingine!" Akang'ata mkate.

Dada wa masjala aliandika neno kwa neno. Mchana huohuo Waraka ulikuwa tayari. Ibara ya kwanza ilipiga marufuku neno nyuma. Ibara ya pili ilisema kwamba, kwa tafsiri ya Jenerali mwenyewe, kusogeza tarehe mbele maana yake ni kuifanya iwe ya mapema zaidi, na kwamba amri hii inamhusu kila mwenye sare bila kujali cheo. Jenerali aliusaini kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na mkate. Hakusoma, maana alikuwa ameridhika na kichwa cha habari. Baadaye nilikuja kujua kwamba dada wa masjala naye anakaa kule bondeni, lakini hilo halihusiani na taarifa hii.

Tarehe ya Meja ikasogezwa mbele, mwezi wa pili. Akawa mkubwa kwa muuza makochi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kwenda na msumeno kukata minyororo. Mvua zilipofika na mto ukaingia mitaani, mashua zilikuwa tayari majini. Zililoa sana, nalisema hili kwa masikitiko. Lakini bondeni hakuna aliyelala juu ya paa. Mama mkwe alitolewa wa kwanza pamoja na kuku wake, na inasemekana alimpigia mkwe wake saluti kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika jogoo.

Muuza makochi alibaki nchi kavu akilinda minyororo, kisha akaenda kulia kwa mjomba wake. Simu yangu ikalia.

"Kanali! Si nilisema tarehe ya yule isogezwe mbele?"

"Imesogezwa mbele, mkuu."

"Mbele hiyo ni ipi?"

"Ile ya kwenye foleni ya chai, mkuu."

Akakata simu. Nilidhani mambo yameishia hapo, na pengine yangeishia, kama si mazoea. Kila mwaka, kwa miaka mingi, siku ya Jenerali kustaafu ikikaribia, yeye huleta ombi lilelile: "Kwa maslahi mapana ya taifa, naomba tarehe yangu ya kustaafu isogezwe mbele kwa mwaka mmoja." Na kila mwaka sisi huongeza mwaka. Safari hii pia akaleta, habadilishi hata nukta.

Dada wa masjala aliniwekea ombi hilo mezani. Nikamtazama. Akanitazama. Kisha wote wawili tukautazama Waraka, uliokuwa ukutani na saini ya Jenerali na alama ya siagi.

"Afande," akauliza, "tufanyeje?"

Mimi ni mtu wa utii. Isitoshe, akiondoka mtu wa juu, walio chini husogea, na mimi ukanali huu nimeuvaa mpaka umepauka. Hilo sikulifikiria hata kidogo, ila mara tatu.

"Tunatekeleza," nikasema.

Tukamsogezea mbele mwaka mmoja, kama alivyoomba. Asubuhi iliyofuata, mlinzi wa getini alimwomba Jenerali kitambulisho cha mgeni, kwa kuwa alikuwa amestaafu tangu mwaka jana. Wapo waliouliza kama Waraka uliosainiwa mwaka huu na mtu aliyestaafu mwaka jana ni halali. Walijibiwa kwamba kulichunguza swali hilo kunahitaji kurudi kule kusikotajwa, na hilo limepigwa marufuku.

Alikuja ofisini kwetu kwa miguu. Akakaa kwenye benchi lilelile alilokalia mwoka mikate, chini ya picha yake mwenyewe.

"Kanali, hii ni mizaha gani? Rekebisha sasa hivi!"

"Karibu sana, mzee," nikasema.

Neno lile "mzee" lilimpiga kuliko yote. Asubuhi iliyopita alikuwa mkuu. Akashusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Nataka tarehe yangu i... i..."

"Iende wapi, mzee?"

Midomo yake ikatafuta neno. Dada wa masjala akachukua kalamu, tayari kuandika, na ukutani yale maneno mekundu, yaliyoachwa kwa kibali maalumu kwa kuwa ni yake mwenyewe, yakawa yanamtazama. Akalimeza. Likarudi. Akalimeza tena. Sijawahi kuona mtu akitamani neno moja kiasi kile.

"Isogezwe," akasema mwishowe, jasho likimtoka.

"Isogezwe mbele?"

Akainamisha kichwa. Mazoea ni kitu kibaya. "Mbele," akasema.

Tukamsogezea. Sasa amestaafu tangu mwaka juzi. Wiki ijayo analeta ombi jingine, na kwa mwendo huu, mwisho wa mwaka atakuwa kapteni.

Meja ameshatuletea mikate mara mbili tangu maji yashuke, na mlango wa ghorofa ya pili tunakaribia kuufungua. Kuhusu yule mzee, bado anakuja kila siku, anakaa kwenye benchi, anauliza kama kuna majibu. Tunamwambia asubiri, faili lake liko kazini. Na si uongo. Kile kitambaa kiliungua, na faili la mtu aliyeomba kila mwaka asistaafu ni nene ajabu. Tangu tuliweke pale, birika halijayumba hata siku moja.