Leo Inatimia Mwaka

Redio iliyotundikwa kwenye msumari wa karakana ilimaliza habari za asubuhi, mtangazaji akaingia kwenye kipindi cha siku kama ya leo. Fundi seremala akapunguza kasi ya randa ili asikie vizuri. Mtaa mzima ulimwita Kalenda, maana tarehe za dunia zilikaa kichwani mwake kama misumari kwenye kopo. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekwisha kaa wenzake wawili na vikombe vyao vya kahawa: Wakili, ambaye kwa kweli ni kinyozi ila hajawahi kukubali jambo mara ya kwanza, na Mzee Posta, tarishi mstaafu.

"Tarehe ishirini Julai, mwaka sitini na tisa," redio ikasema, "binadamu walitua mwezini kwa mara ya kwanza."

"Kutua walitua ishirini," Kalenda akarekebisha. "Lakini mpaka mtu ashuke akanyage, kwa saa za huku kwetu ilikuwa alfajiri ya ishirini na moja."

"Hakukanyaga mtu," Wakili akasema. "Kama walifika kweli, mbona hawakurudi? Mimi mteja nikimnyoa vizuri, anarudi."

"Walirudi mara tano."

"Mara tano tu?"

"Waliona huko hakuna kinyozi," Mzee Posta akasema, akapuliza kahawa yake.

Redio ikaendelea: tarehe hiyohiyo, mwaka sabini na tatu, Bruce Lee alifariki dunia. Wakili akavua kofia.

"Huyo simpingi. Kwa ajili yake nilivunjika kidole cha mguu."

"Ulipiga teke ukuta wa shule," Posta akasema. "Ukuta upo mpaka leo, haujui hata kama mlipigana."

Wakacheka. Kalenda hakucheka. Siku nyingine angeshusha mwaka, mwezi na saa mpaka wamwombe apumzike. Leo alirudi kuranda, kichwa chini.

"Fundi," Posta akamwita, "ubao huo unauranda tangu tufike. Unataka uwe karatasi?"

Kalenda akaweka randa chini. "Asubuhi mama watoto kaniuliza, 'Leo unakumbuka ni siku gani?' Nikamjibu, 'Naanzaje kusahau, mke wangu?'"

"Ni siku gani?"

"Ndiyo nawauliza nyinyi."

Wakili akasogea mbele kama aliyepewa kesi ya mauaji. "Mlioana lini?"

"Desemba. Mvua ilinyesha mpaka bibi harusi akabebwa."

"Kuzaliwa kwake?"

"Februari."

"Watoto?"

"Mmoja Mei, mwingine Oktoba. Nimezungusha miezi yote kumi na miwili, Julai haina kitu."

"Julai ina mwezi na Bruce Lee," Posta akasema. "Labda shemeji anampenda mmojawapo."

"Mzee, huu ni moto wa nyumba ya mtu, usiuotee mikono," Kalenda akasema.

"Basi mwulize. Kuuliza si ujinga."

"Kuuliza kabla ya kudanganya si ujinga," Wakili akasema. "Baada ya kudanganya ni kukiri kosa. Nunua zawadi, mpe, kaa kimya. Atakayeanza kusema ndiye ataitaja siku."

Kalenda aliona ushauri ule una mashimo, ila hakuwa na mwingine. Akavuka barabara, akarudi na kitambaa cha kichwa cha rangi ya zambarau. Kabla hajatafuta gazeti la kukifunga, mkewe akatokea kwenye kona, amebeba keki ndogo iliyochomekwa mshumaa mmoja.

"Shikamoo Mzee Posta. Shemeji, habari." Akaiweka keki juu ya meza ya kazi, katikati ya vumbi la mbao.

"Hongera kwetu, mke wangu," Kalenda akasema, akampa kitambaa.

Akakipokea, akajifunga palepale. "Asante. Inatimia mwaka wa nini?"

Wakili akakohoa. Kalenda akatazama mshumaa, mshumaa ukamtazama.

"Mlango wa choo," mkewe akasema, bila kupandisha sauti. "Tarehe kama ya leo mwaka jana bawaba ziling'oka, ukausimamisha ukutani, ukasema, 'Mama watoto, kesho nautengeneza.' Tangu hapo tumetundika shuka. Anayeingia anaimba, ili wa nje ajue kuna mtu."

Wakili alijikuta anaangalia viatu vyake. Posta akafunika mdomo kwa kikombe.

"Sisi tumezoea," mkewe akaendelea. "Lakini mama yako alipokuja Machi, mtu mzima wa miaka sabini na sita, aliimba wimbo wa kanisani beti zote nne. Alikuja kukaa mwezi, akakaa siku tatu."

"Alisema anawahi kuku wake."

"Kuku aliwauza mwaka juzi. Hakutaka kukuaibisha, maana kila anakopita watu wanamwonyesha: mlango huu kautengeneza mwanao, na ule."

Kalenda aliketi juu ya gogo. Alikumbuka mama yake akipanda gari, akimshika kichwa kama mtoto na kumwambia usijali mwanangu, kuku hawana mtu. Akainuka, akautazama mlango mpya uliokuwa ukisubiri rangi, kazi aliyoagizwa na mwenye duka la pembejeo.

"Sijui hata vipimo," akasema taratibu.

"Futi sita na nusu kwa mbili na nusu. Nimeupima kwa macho mwaka mzima."

Mlango ule mpya ulikuwa wa vipimo hivyohivyo; mwenye duka angesubiri mwingine. Wakili akashika upande mmoja, Posta mwingine, Kalenda akabeba sanduku la vifaa na bawaba mpya. Mkewe akatangulia na keki yake, kitambaa kichwani. Majirani walipouliza kuna nini, Posta aliwajibu kwamba ni kumbukizi.

Saa tisa mlango ulikuwa umesimama, una komeo ndani na nje. Wakili akaenda kufungua kibanda chake cha kunyolea, Posta akaenda kulala. Kalenda akabaki uani, akampigia mama yake simu.

"Mama, Jumamosi njoo. Kaa hata mwezi."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Hakuna kitu. Tumekukumbuka tu."

Mama akauliza kwa upole, "Mlango umepona?"