Tulisali Karibu na Injini

Jamani, leo nimepatikana. Nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya gogo, koti sina.

Kwa wasionijua, mimi ni msimamizi kwenye kiwanda kidogo cha mbao hapa Makambako. Mashine yetu ya kupasulia magogo inaendeshwa na injini ya dizeli yenye mkanda mrefu. Huku kila mtu anaiita ding dong. Baridi ya mwezi huu mnaijua. Injini ikizimwa asubuhi, kuiwasha tena ni vita. Kwa hiyo tunaiwasha mapema, tunaiacha ingurume, halafu sote tunaizunguka tupate joto na kusali kabla ya kazi. (Ndiyo, tunaota injini kama moto wa jikoni. Endeleeni kusoma.)

Leo akaja mkaguzi wa usalama kazini kutoka Njombe, mama mmoja mpole mwenye buti kubwa. Bosi alikuwa safarini, akanipigia simu: "Mwambie mambo yote yako sawa." Nikamjibu wala asihofu.

Mkaguzi akatusalimia, "Kamwene," tukaitikia. Kisha akawauliza wafanyakazi, "Nani huwaeleza haki zenu kuhusu usalama hapa kazini?"

Wakanitazama mimi. Mimi nikatazama barabara. (Bosi hudhani nawaeleza mimi. Mimi nilidhani serikali hutangaza redioni.) Mwisho Mama Upendo, anayepanga mbao, akajibu kwa heshima zote:

"Baba Neema hutuombea kila siku."

Baba Neema ndiye mimi. Nilijisikia fahari, Mungu anisamehe. Nikamwambia mkaguzi, "Mheshimiwa, subiri usikie mwenyewe."

Nikavua kofia, nikafumba macho. Sijawahi kusali vile. Niliombea msumeno, niliombea vidole vya kila mmoja, niliombea hata buti za mgeni. Na kadiri sala ilivyorefuka, ndivyo nilivyorudi nyuma kidogo kidogo kufuata joto. Nikafika pale pa "utulinde, Bwana, na kila hatari iliyo mbele yetu." (Hatari ilikuwa nyuma.)

Kitu kikanivuta koti. Nikadhani ni mtu ananiomba nifupishe, nikaendelea. Kikavuta tena, safari hii visigino vikaacha ardhi. Nikafumbua macho. Pindo la koti langu refu la mtumba lilikuwa limeshaingia kwenye mkanda.

Ndugu zangu, nguvu ile sijui niielezeje. Nimeizoea mashine ile mpaka naisemesha. Leo nimejua hainijui. Haina hasira wala haraka, inavuta tu, na mtu mzima mwenye kilo zake anakwenda kama kipande cha uzi. Nilipiga ukelele. Wenzangu, macho wameyafumba, wakadhani Roho ameshuka. Wakaitikia kwa sauti, "Amina!"

Mara injini ikanyamaza. Sijawahi kusikia kimya kikubwa kama kile. Mama Upendo alikuwa ameshika waya wa kuzimia injini.

Koti lilibaki na mashine. Mimi nilibaki mbele ya kiwanda kizima na sweta la mke wangu, la waridi, lenye maua mengi kuliko hifadhi ya Kitulo. (Baridi haina jinsia.) Kuna mtu alikohoa ili asicheke. Hakufaulu.

Mkaguzi hakucheka. Alimuuliza Mama Upendo, "Nani alikufundisha kusali macho wazi?"

"Hakuna, mama. Naiogopa tu. Tangu nianze kazi hapa sijawahi kufumba macho mbele yake."

"Unajua una haki ya kukataa kusimama mahali pa hatari namna hii? Na usifukuzwe kwa sababu hiyo?"

Mama Upendo akageuka kunitazama mimi, siyo mkaguzi. "Kumbe? Tangu lini?"

"Siku zote," mkaguzi akasema.

Hapo ndipo nilipoumbuka kweli. Sweta lilikuwa utani. Mama wa watu ameogopa kila asubuhi, na kila asubuhi amesimama palepale, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anaweza kusogea. Na kwa woga wake huohuo, mimi niko hai.

"Kuwaeleza ni wajibu wa mwajiri," mkaguzi akaniambia taratibu. "Naye hapa amekuweka wewe."

Nimempigia bosi. Nimemwambia mambo hayako sawa, na kazi haianzi mpaka mkanda ule ufunikwe. Ameniuliza kama nimeumia.

Mnaocheka, chekeni kwa kiasi, mbavu zinaniuma. Kusali tutaendelea kusali, ila mbali na mashine. Lakini kuwaeleza watu haki zao, hilo Mungu hatashuka kunifanyia. Mdomo alishanipa, na leo ameniachia na shingo ya kuubeba.