Mkono wa Kushoto Nyuma

Jumapili, 2 Novemba

Leo siku isiyo na magari. Barabara yote ya watu. Nafasi ya dhahabu kwa mwalimu mpya wa vitara, mchezo wa panga za mbao! Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshasimama kando ya lami, nguo nyeupe, kitara cha mti wa mkaratusi mkononi, kinga ya vidole niliyoikata kwenye jerikani. Nikashambulia hewa dakika arobaini. Hewa ilishindwa.

Ng'ambo ya barabara Jean-Luc, mwalimu wa mazoezi ya viungo, alikuwa na spika mbili na watu mia mbili wakiruka. Ana mapaja tu yule, hana fikra. Mimi nilipata polisi mmoja, aliyeuliza kwa adabu kama niko sawa, na mama mmoja mzee. Anaitwa Mama Pudentienne, amekulia Bujumbura, sasa anakaa Rwezamenyo karibu na ukumbi nitakaofundishia. Mwezi wa tatu alipata kiharusi, na mkono wa kulia hauinuki. Akauliza kama nafundisha mikono. Nikamjibu kwamba nafundisha sanaa. Akasema vizuri, atakuja.

Nyumbani Batsinda, dada yangu Winifred aliuliza nimepata wanafunzi wangapi. Naishi kwake tangu nilipoachishwa kazi ya kuuza bima, kwa hiyo ana haki ya kuuliza. Nilisema idadi bado inakusanywa.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeandika mpango wa masomo. Somo la kwanza: historia ya kitara, dakika arobaini na tano. La pili: falsafa ya kitara. La tatu: kusimama. Kugusana ni somo la kumi na mbili. Cheti changu cha wiki tisa kutoka Mwanza nimekitia fremu. Kinasema nilihudhuria. Fremu inafunika neno hilo vizuri sana.

Nilibandika tangazo: Jifunze Upanga. Joselyne, msimamizi wa ukumbi, alilibandua kwa mkono wake, akaniambia taratibu kwamba neno hilo halibandikwi ukutani katika mji huu, ambako watu waliuawa kwa mapanga. Nilikulia Tanzania, lakini si mbali kiasi hicho. Nilipaswa kujua. Niliona haya mpaka jioni. Sasa tangazo linasema: Vitara vya Mbao, Adabu na Afya. Adabu aliiongeza yeye. Akanikumbusha pia kwamba nikikosa wanafunzi kumi kufikia Jumamosi ya tarehe 15, saa yangu ya ukumbi anapewa Jean-Luc.

Jumanne, 4 Novemba

Somo la kwanza. Wanafunzi watatu! Sangwa, dereva wa pikipiki, ambaye amekuja na helmeti zake mbili ziwe kinga ya uso. Umulisa, anayeuza parachichi Gitega. Na Mama Pudentienne. Historia ilikwenda vizuri mno. Sangwa alisikiliza bila kutikisika, helmeti kichwani. Baadaye tuligundua kwamba alikuwa amelala.

Kisha niliruka moja kwa moja hadi mapambano ili wasilale tena, na hapo ndipo balaa. Umulisa alipokabidhiwa Mama Pudentienne awe mpinzani wake, aliweka kitara chini, akainama, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kigasha chake mwenyewe, chini ya kiwiko, kama mtu anavyomsalimia mkubwa wake. Akauliza watoto. Akauliza wajukuu. Akauliza mvua ilivyonyesha upande ule. Sangwa naye vivyo hivyo. Kila pambano lilianza kwa salamu za dakika tano, na halikuendelea. Umulisa alimgusa Mama begani kwa bahati mbaya, akaomba msamaha mara tatu.

Nimetoa kanuni: mbele ya mpinzani, mkono wa kushoto uwe nyuma ya mgongo. Huwezi kumshambulia mtu unayemheshimu kiasi hicho.

Alhamisi, 6 Novemba

Heshima ya kitara ni kukiinua mpaka usoni. Cha Mama Pudentienne kilifika gotini, kikaanguka. Kikaanguka mara kumi na moja. Kila mara Umulisa alikiokota. Mama akanitazama, akasema, "Mwalimu, hii mkono inalala. Miye niko macho."

Kisha akaeleza. Tarehe 15 ni gusaba ya mjukuu wake Spès, siku ambayo upande wa mume unakuja kumwomba binti. Spès amelelewa na yeye tangu akiwa na miaka minne. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo, wageni watampitia wote kumsalimia. Hataki kuwapa mkono wa kushoto. Na hataki wamkute amekaa, mkono umelala mapajani, wageni wainame kumshika wenyewe kwa huruma. Siku hiyo tu, alisema. Baada ya hapo mkono ulale unavyotaka.

Nikakohoa. Vumbi la ukumbi, nadhani.

Lakini wakati uleule mama mmoja na binti yake walichungulia mlangoni, wakaona kitara kinaanguka, wakaondoka zao. Wanafunzi wawili hao! Lazima nibuni kitu.

Jumapili, 9 Novemba

Nimebuni. Mama Pudentienne nitamteua Rais wa Heshima wa chama chetu cha vitara. Rais anakaa kwenye kiti kando ya ukuta na hashiki kitara. Heshima kwake, nafasi kwa wengine. Nilimsimulia Winifred. Akaniuliza kama huwa najisikia ninapoongea.

Jumanne, 11 Novemba

Alikubali uteuzi kwa furaha. Akabeba kiti cha urais, akakiweka katikati ya ukumbi, akaomba kitara. Kisha, kama Rais, akapendekeza historia ifutwe. Tukapiga kura. Tatu kwa moja.

Alijaribu saa nzima, ameketi. Nilikuwa mkali. Kushoto nyuma, Mama. Kushoto nyuma. Alitii kila mara. Gotini, chini. Gotini, chini. Mwishoni hakuniangalia alipoaga.

Jioni nilifunga mkono wangu wa kulia kwenye kiti ili nijue hali yake. Winifred aliuliza kulikoni. Nilisema ni utafiti. Sikuweza kufungua kifungo cha shati, na maharage yaliniishia kifuani. Winifred alinifuta. Siku nne zimebaki na mimi sijui kitu chochote kuhusu mikono.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua kubwa. Nilijibanza kwenye kibaraza cha duka zaidi ya nusu saa, nikafika ukumbini nimechelewa na nimelowa. Nikachungulia dirishani kwanza, nione wanavyonisubiri.

Hawakuwa wananisubiri. Walikuwa wanasalimiana. Hakukuwa na mtu wa kuwakataza. Umulisa aliinama mbele ya kiti. Mama Pudentienne alipeleka mkono wa kushoto chini ya kigasha cha kulia, kama ambavyo amefanya maisha yake yote, na mkono wa kulia ukaanza kupanda. Taratibu sana. Goti, kiuno, kifua. Umulisa akaupokea hapo juu. Wakarudia. Wakarudia tena. Kisha Sangwa akamwekea kitara kiganjani, akamkunjia vidole kimoja kimoja, na kitara kikafika usoni. Mama akakitazama kana kwamba mtu mwingine ndiye amekishika.

Nilitaka kupiga kelele kuhusu mkono wa kushoto. Nililia pale dirishani, basi. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Kisha nikaingia na kuwaambia kwamba nadharia yangu imefanya kazi.

Jumamosi, 15 Novemba

Gusaba. Nilialikwa, nikakaa safu ya nyuma kwenye hema. Upande wa mume ulipanga mstari, watu kama arobaini. Wa kwanza alikuwa Mzee Melchior, babu wa bwana harusi, mrefu, koti la kijivu, uso wa mtu asiyefurahishwa kirahisi. Mama Pudentienne hakusimama. Aliweka mkono wa kushoto chini ya kigasha cha kulia.

Mkono ukapanda.

Mzee Melchior aliuona ule mkono wa kushoto, akadhani mama mwenye umri ule anampa yeye heshima kubwa namna hiyo. Uso wake ukalegea. Akashika kigasha chake naye, akainama zaidi ya alivyokusudia. Aliyemfuata akafanya hivyohivyo, na mstari mzima nyuma yao. Mwanamke mmoja jirani yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba wazee waliolelewa vizuri namna ile wamebaki wachache.

Hakuna aliyejua kwamba wa kushoto ndio uliokuwa unafanya kazi. Spès alijua. Alikuwa bado ndani, kama inavyompasa binti anayeombwa, na pazia la dirisha lilitikisika mpaka mstari ukaisha.

Joselyne aliniandikia ujumbe kwamba ukumbi amepewa Jean-Luc. Nilisahau kukasirika mpaka jioni.

Jumatatu, 17 Novemba

Wazee watano waliosikia kwamba Mama Pudentienne ana mwalimu wa mikono wamefika uani kwake kumuulizia. Mmoja bega, wawili magoti, mmoja mgongo, na Mzee Melchior, ambaye hasemi anaumwa nini. Nilikaa kwenye ngazi nikawatazama wakisogeza viti. Nina miaka arobaini na tatu, na kwa mara ya kwanza kuna watu wanaohitaji nifike. Furaha hiyo sijui niiweke wapi.

Nimeanza kazi mara moja. Kwanza nimewaeleza kwamba mkono wa Mama ulipona kwa sababu ya historia, hivyo historia imerudi, dakika tisini, maana wazee wana subira. Mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, bila ubaguzi. Mama Pudentienne alimtazama Umulisa, wakacheka kitu ambacho hawakuniambia.

Jioni nimeandikia chama cha vitara cha Kampala kuwaomba pambano la kimataifa mwezi wa kwanza. Nimewaonya wajiandae vizuri. Umri wa timu yetu sikuutaja.